Kassim alinipigia simu kila alipofurahi

Jamani, akili yangu bado inakataa. Kassim wetu wa Bangwe, nahodha mpya, mcheza muziki mbovu kuliko wote Kigoma, jana tumemzika Ujiji.

Mtanisamehe, nalia lakini naandika kwa furaha pia. Someni mpaka chini mtanielewa.

Wengi mnamjua Kassim wa dagaa. Mimi, fundi wa injini za boti, nilimjua Kassim wa gongo, halafu nikamjua Kassim aliyeiacha.

Alipoiacha mara ya kwanza, baba yake akafariki. Mtaa mzima tukamlinda: huyu analala naye, yule anakula naye. Matanga yakaisha hajagusa hata tone. Tukapongezana!

Wiki chache baadaye boti yao ikarudi imejaa dagaa pomoni. Wavuvi wakishusha mzigo wa namna hiyo hawaendi nyumbani moja kwa moja, wanasherehekea kwanza. Nani alikumbuka kumlinda mtu mwenye bahati? Jioni nilimwokota kule Rusimbi, hajitambui.

Alipopata nafuu aliniambia neno ambalo sijalisikia kwa mlevi mwingine yeyote. "Rama, huzuni naiweza. Furaha ndiyo inanimaliza."

Hapo tukapanga mambo yetu. Boti ikija imejaa, kabla hajashuka mwaloni, ananipigia. "Yewe Rama, nimefurahi. Njoo." Basi!

Naacha spana hapohapo. Boss akiuliza naenda wapi, namwambia emergency. Mwanzoni alinuna, baadaye akawa anauliza tu kama Kassim kafurahi tena.

Na tulisherehekea kweli, msidhani tulikaa tukihurumiana! Tunajitosa ziwani na nguo zetu, tunachoma samaki wa migebuka, ugali wa muhogo pembeni, chai ya tangawizi sufuria nzima. Kassim anacheza. Kina mama wanaoanika dagaa wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mtoto wake alipozaliwa nilijua kabla ya mama mkwe. Kesi hiyo ilichukua muda kuisha.

Timu yake ilipochukua kombe, mimi nilikuwa harusini Simbo, nimevaa suti. Niliacha pilau mezani. Mnaonifahamu mnajua uhusiano wangu na pilau.

Mara moja alichelewa kupiga. Nilimkuta nyuma ya boti, chupa mkononi, hajaifungua. Nikaichukua, tukaingia ziwani. Siku hiyo hakucheza.

Kama una rafiki anayeacha pombe, tafadhali, usimlinde msibani tu. Mlinde na harusini.

Juzi ilikuwa safari yake ya kwanza kama nahodha. Watu waliokuwa hawamwachii hata kikapu walimkabidhi boti nzima! Asubuhi ikarudi, imedidimia kwa uzito wa dagaa. Simu yangu ikaita.

Sijawahi kumwona binadamu amefurahi vile. Alicheza, akala migebuka miwili, akamaliza chai yake, akajilaza juu ya nyavu akisema anapumzika kidogo. Hakuamka. Hospitali wamesema ni moyo.

Sasa naona comments zenu. Eti kalewa huyo, eti mvuvi na gongo hawaachani. Futeni, nawaomba kwa heshima. Mimi nilikuwepo.

Hata mama yake aliniita pembeni kabla hatujamtoa Kassim nyumbani. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mwanawe alikuwa amekunywa.

"Hapana, mama. Chai tu."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, analia na kucheka kwa pamoja. "Alhamdulillahi. Basi namzika mwanangu, simziki mlevi."

Ndugu yangu Kassim, siku kubwa kuliko zote maishani mwako umeimaliza na akili zako timamu. Umeshinda, kaka! Mama anajua, na sasa Kigoma nzima inajua. Lala unono, nahodha.