Crisanta na Mizabibu Iliyokatwa Mapema

"Crisanta, wewe ukifa, kaburini utatulia kweli?"

Otilia, jirani yetu wa mkono wa kushoto, ndiye aliyemuuliza hivyo, siku moja tukifua kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba. Crisanta alikuwa amefua shuka mbili. Ya tatu aliiacha majini akakimbia kutazama maharagwe jikoni, akarudi, akashika soksi badala ya shuka. Wala hakukasirika.

"Nikichoka kulala nitakuja kukugongea, Otilia. Kwa hiyo usitie komeo."

Tulicheka mpaka sabuni ikatuponyoka. Lakini swali lile lilikuwa na ukweli ndani yake, na mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mitatu naujua.

Crisanta Berlanga alizaliwa hapa hapa Parras, mtaa wa juu, karibu na chemchemi. Mama yake alishikwa na uchungu katikati ya mavuno, na watu husema mtoto hakumngoja hata mkunga avuke mfereji. Alipokuwa msichana alipata kazi kwenye kiwanda cha kitambaa cha jinzi. Mwezi wake wa nne kazini haujaisha, msimamizi akamwambia, "Binti, hii mashine ina kiti."

"Nimekiona, mzee. Mpe mwenye makalio ya kukaa."

Akatoka. Bahati yake wakati ule wageni walikuwa wameanza kuja kwa wingi kutoka miji ya Monterrey na Saltillo, na hata mbali zaidi, kutazama maghala ya mvinyo. Akatafutwa mtu wa kuwatembeza, mwenye miguu na mdomo. Crisanta alikuwa na vyote viwili. Tangu hapo ndiyo kazi yake: asubuhi huwapokea wageni uwanjani, huwapandisha kanisa la juu ya mwamba wakauone mji wote na kijani chake, huwashusha kwenye ghala kongwe penye mapipa makubwa kama vyumba, kisha huwapeleka mashambani. Anakwenda mbele yao kwa kasi, akiongea huku akitembea kinyumenyume, na wale wenye viatu vya mjini wanahema nyuma.

Kusimulia anajua, Mungu alimpa. Huwaambia jinsi Wahispania walivyokuta mizabibu ya mwituni imetambaa juu ya miti kando ya maji, ndipo mahali pakaitwa Parras, yaani mizabibu. Huwaambia jinsi Watlaxcala, wenyeji wa asili wa nchi hii, walivyokuja kutoka kusini wakapewa ardhi na zamu za maji, na hao ndio wazee wetu. Kisha husimama ghafla, wageni wakagongana.

"Mfalme wa Hispania akaona divai ya huku inamharibia soko la divai ya kwao. Akapiga marufuku: mizabibu mipya isipandwe. Sasa niambieni, watu wa hapa walifanya nini?"

Wageni hutazamana.

"Walipanda!" Na anaanza kutembea tena kabla hawajamaliza kucheka.

Nyumbani hali yake ni hiyo hiyo. Chakula hula wima, tortila mkononi. Kanisani husimama nyuma karibu na mlango, na padre alishamwambia, "Crisanta, Bwana huwasikia hata waliokaa." Nilikuwa namwombea utulivu katika rozari yangu. Baadaye niliacha, nikaona pengine Mungu hakukosea kumuumba hivyo, nikawa namwombea afya tu.

Mahali pamoja tu alipoweza kukaa ni shamba la mama yake. Ni kipande kidogo cha mizabibu mizee ya aina ya Misión, mashina manene kama paja la mtu mzima, yamepinda kila moja kivyake. Mama yao aliwaachia wawili, yeye na kaka yake Leocadio. Upande wa juu Leocadio alipanda mijozi, miti ile ya kokwa tunazotia kwenye peremende za maziwa. Upande wa chini ukabaki mizabibu ya Crisanta. Zamu ya maji ya mfereji ni moja kwa wote wawili.

Na maji, kila mtu hapa anajua, si yale ya zamani. Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, Leocadio alikuja kwa dada yake akakaa. Yeye ni mtu wa polepole. Akianza sentensi unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukamkuta hajafika mwisho.

"Dada," alisema. "Maji hayatoshi. Mijozi inaniangusha matunda machanga. Mizabibu yako imezeeka, haizai. Tuing'oe, tupande mijozi mpaka chini. Mapato tugawane sawa."

"Kaka Leo, ile mizabibu alipanda babu wa mama!"

"Najua alipanda nani. Nauliza inazaa nini."

Crisanta alizunguka meza mara mbili. Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria, nikataka kuondoka, akaniambia nikae niwe shahidi. Basi nikakaa. Wakavutana, na mwisho wakapatana hivi. Mwezi wa nane, kabla ya sikukuu ya mavuno, mtaa wetu huwa na desturi ya kukanyaga zabibu za kwanza kwenye hodhi la mawe lililo nyuma ya kanisa dogo, baada ya padre kuzibariki, na ngoma zinapigwa. Familia moja kila mwaka ndiyo hulijaza hodhi, na mwaka uliokuwa unakuja ilikuwa zamu ya akina Berlanga.

"Ukilijaza kwa zabibu za shamba lako peke yake," Leocadio alisema, "sitatamka neno mijozi tena mpaka nife. Lisipojaa, mwezi wa kumi na moja nang'oa."

"Litajaa mpaka limwagike!" Na hapo hapo akashika ufagio akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Kilichofuata ni kosa ambalo mtoto wa Parras wa darasa la kwanza asingelifanya, na Crisanta mwenyewe huwaonya wageni kila siku juu yake. Mizabibu hapa haipogolewi kabla ya Candelaria, tarehe mbili Februari, tunapomwondoa Mtoto Yesu horini na kula tamale za unga wa mahindi. Na wenye busara hawaigusi hata hapo, hungoja mwezi wa angani wa Machi uanze kupungua. Sababu ni kwamba mzabibu uliokatwa mapema huamka mapema, na ukiamka mapema jalidi, ile baridi inayogandisha umande, huukuta uchi.

Lakini Januari wageni hawaji. Mji unalala. Crisanta aliosha mapazia yake, akaosha ya kwangu, akapaka chokaa ukuta ambao haukuomba. Siku ya pili baada ya sikukuu ya Mamajusi nilimwona anapita na mkasi mkubwa na kofia ya majani.

"Unakwenda wapi, Crisanta?"

"Kutazama tu."

"Mkasi unatazama nini?"

"Matawi yaliyokufa, mama, hayo tu. Yaliyokufa hayana kalenda."

Nilijua. Mungu anisamehe, nilijua na sikumfuata, nilikuwa na unga mikononi. Alirudi jua likizama, mikono imechubuka, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka komunyo. Alikuwa ameanza na matawi yaliyokufa, akaendelea na yaliyo hai, na siku ya nne alimaliza shamba zima.

Leocadio alipoona, alikuja akasimama kwenye mpaka wa shamba. Hakugomba. Alisema tu, "Dada, hata kuku hungoja yai."

Februari ilikuwa ya joto, jua limetoka kama la Mei. Macho ya mizabibu, pale panapochipuka, yakavimba, yakafunguka, vijani vya rangi ya waridi vikachomoza. Crisanta akawa anatamba mtaani. "Mnaona? Nyie na Candelaria yenu!" Otilia akamjibu, "Cheka, cheka. Machi haijanywa kahawa yake bado."

Jalidi ilikuja wiki ya pili ya Machi. Alfajiri nilifungua mlango nikaona nyasi nyeupe kando ya mfereji, nikafanya ishara ya msalaba. Crisanta alikuwa ameshatoka. Nilimkuta shambani anapita mstari kwa mstari, anavigusa vile vijani, na kila alichogusa kilikuwa kimelegea kama mboga iliyochemshwa. Jua lilipopanda vikawa vyeusi. Mijozi ya Leocadio pale juu ilikuwa bado imelala, haikupata hata kikohozi. Mashamba mengine ya mizabibu yalikuwa salama pia, kwa sababu wenyewe walingoja.



Hakukaa nyumbani kulia. Saa tatu alikuwa uwanjani na wageni wake. Mimi nilikwenda naye kwa sababu sikupenda jinsi macho yake yalivyokuwa. Alisimulia vizuri tu mpaka kwenye habari ya mfalme, na hapo, badala ya kuwapeleka shamba kubwa kama kawaida, akakata kona akawaleta kwenye lake. Wageni wakasimama mbele ya vichipukizi vyeusi.

Bibi mmoja wa Monterrey, mwenye miwani mikubwa, akauliza, "Hapa pamechomwa moto?"

"Hapana, bibi. Hapa mfalme alishindwa miaka mingi. Mimi nimeweza kwa siku nne."

Hawakuelewa, wakacheka kwa adabu. Leocadio alikuwa ng'ambo ya mfereji akisafisha majani yaliyoziba maji. Alisikia. Aliinua kichwa, akaendelea na koleo lake.

Sasa, mzabibu Mungu aliuumba na huruma ndani yake. Nyuma ya kila jicho kuna jicho lingine dogo limejificha, na la kwanza likifa, hilo huamka. Halina nguvu ya kwanza, na aina nyingine za mizabibu hutoa majani matupu, lakini Misión ya kizee hutoa angalau kitu. Wiki mbili baada ya Pasaka vichipukizi vipya vikatokea. Crisanta alikuwa anakwenda kuvitazama asubuhi kabla ya wageni, mchana kati ya wageni, na jioni. Anainua jani, anapuliza, anashusha.

"Utavisugua mpaka viote upara," Leocadio alimwambia.

"Sivigusi, navisalimia."

"Visalimie kutoka barabarani."

Mwezi wa sita nilikwenda naye siku ya zamu ya maji. Ilikuwa haki ya Leocadio kunywesha mijozi kwanza, na tulitazamia kwamba kitakachobaki kitalowesha vumbi tu. Lakini maji yalikuja mengi kuliko tulivyofikiri, yakaenda mpaka mstari wa mwisho. Leocadio alikuwa amefunga njia ya mijozi kabla ya wakati wake, akaenda zake, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Agosti ikafika. Alichuma mwenyewe siku mbili, na mimi na Otilia tulishika vikapu. Vichala vilikuwa vidogo, vimepwaya, lakini zabibu zake zilikuwa tamu kiasi cha kunata vidole. Tuliposhusha kikapu cha mwisho kwenye hodhi, zilifika chini kidogo ya nusu ya kina chake. Crisanta alizunguka hodhi, akatazama upande wa pili, kama vile upande wa pili zingekuwa nyingi zaidi.

Wapiga ngoma walikuwa wameanza kukaza ngozi. Padre alikuwa anavaa. Otilia akanivuta mtandio wa begani, akanong'ona, "Nina kikapu nyuma ya mlango, cha zile za kwenye uwanja wangu. Na jirani zetu akina Celestino wameleta viwili. Leocadio bado yuko njiani. Zabibu zina jina?"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kumwaga. Zikaporomoka juu ya zile za Crisanta, nene, zimenawiri. Crisanta aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Toa!"

"Nyamaza, mjinga wewe, tunakuokoa!"

"Otilia, zitoe. Tulisema za shamba langu. Padre anakuja kubariki, unataka abariki uwongo wangu?"

Akapanda ndani ya hodhi kwa magoti, akaanza kuziokota mwenyewe, kichala kimoja kimoja, anavirudisha kikapuni. Otilia alisimama mikono kiunoni, akasema, "Wanawake wa aina hii ndio wanaokufa maskini," lakini baada ya muda akainama akamsaidia. Na mimi pia. Siku ile Crisanta hakuharakisha. Alikuwa anakitazama kila kichala pande zote ajue ni cha nani.

Leocadio alitukuta hivyo. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la sikukuu, kofia mkononi. Alitazama vikapu, akatazama hodhi, akaona zilipofika.

"Halikujaa," alisema.

"Halikujaa," Crisanta akajibu.

Wapiga ngoma wakaziweka ngoma zao chini. Crisanta akatoka hodhini, sketi imelowa mpaka mapajani. Nilidhani atamkumbusha babu wa mama, au mfalme wa Hispania, au jalidi. Hakusema lolote la hayo. Akakaa chini kwenye ukingo wa jiwe, mbele ya mtaa mzima, mikono juu ya magoti, na akamwambia kaka yake:

"Niachie mwaka mmoja tena, Leo. Kupogoa upogoe wewe, siku utakayoona wewe inafaa. Na ukiniona naja shambani kabla ya siku hiyo, nirudishe nyumbani."