Kishikio cha Mlango wa Bibie

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi, hilo hata wasiompenda walikubali. Ukikaa kwenye kiti chake mchana, wembe ukaanza kutembea shavuni, unasinzia bila kupenda, ukizinduka ndevu huna. Sasa mkono huohuo mzee wa watu akaupeleka kwenye kipande cha chuma: kishikio cha mlango wa gari lake, mlango wa mbele upande wa abiria, yaani mlango wa mkewe.

Na kishikio chenyewe, jamani! Gari zima lilikuwa limechoka, sawa, lakini sehemu nyingine zilizeeka kwa heshima. Kishikio kilizeeka vibaya. Mng'aro wake ulibanduka magamba magamba, kutu ikapenya chini yake, na kwa ndani, pale vidole vinapoingia, palikuwa na ukali wa kuchubua ngozi. Miaka yote Bibie, ndivyo alivyomwita mkewe, alilalamika. "Milango ya wenzangu inang'aa, wangu mimi unang'ata!" Naye hujibu, "Nitakitengeneza." Nitakitengeneza, nitakitengeneza, mpaka macho ya Bibie yakaisha. Yalififia taratibu, leo maandishi ya dukani, kesho uso wa jirani, mwisho akabaki kujua tu kama kumekucha au bado.

Tangu hapo hakupanda gari tena. Nyumba yake aliijua kwa kupapasa. Alipika, alikunja nguo, majirani aliwateta kwa sauti zao badala ya mavazi yao. Lakini nje ya geti hatoki. Binti yao alijifungua mji wa pili, mtoto akafika hatua ya kucheka, na bibi yake hajamshika hata mara moja. Akiambiwa twende, jibu ni lilelile: "Nikafanye nini huko? Nikamwone kwa pua?" Kinyozi hucheka, halafu huenda uani kulia. Ndiyo, kulia, mwanamume mzima. Alitaka mkewe ambebe yule mtoto kabla hajaanza kuogopa wageni.

Ndipo likamjia wazo la kishikio. Akajiambia, kikiwa laini, kikiacha kumng'ata, labda atapanda. Wewe cheka tu. Mtu aliyekwama hushika kilicho karibu.

Basi siku moja, kabla ya kwenda kibandani kwake kunyoa watu, aliufungua mlango kwa ndani, akalegeza nati, akakitoa kishikio bila kelele. Mkewe asijue, alitaka kumshtua kwa furaha. Akakilaza kwenye beseni la siki nyuma ya nyumba, akaenda zake kazini. Kila alasiri alirudi mapema, akakaa kwenye kigoda uani, akasugua.

Na hapo ndipo mzee alipopotelea. Msasa na maji, msasa na maji, shii, shii, shii. Jua limelegea juu ya ukuta, shuka zinapumua kwenye kamba, harufu ya siki inazunguka uani haina pa kwenda. Kutu ilitoka na maji ikawa rangi ya chai, naye akaitazama ikitiririka hadi kwenye maua ya mkewe, na akilini mwake walikuwa tayari njiani, madirisha wazi, Bibie kavua viatu kama kawaida yake, anaimba wimbo ambao maneno yake hayajui. Wakati mwingine alishtuka anakipapasa chuma kidevuni, anatafuta ndevu zilizobaki. Chuma hakina kidevu, mzee! Akacheka peke yake, akarudi njiani.

Jirani yake, muuza rangi waliyemwita Kopo, alimletea makopo ya kupuliza, akasimama mikono kiunoni. "Mzee, samahani. Unampakia rangi mtu asiyeona?"

"Anaona kwa vidole," Kinyozi akasema, na hasira zikampanda hadi masikioni. "Lete rangi, acha maneno."

Akakining'iniza kwenye waya katikati ya shuka, akapuliza rangi ya fedha, nyembamba, kwa mkono uleule wa wembe. Kikang'aa. Akakisogelea akitabasamu. Lo! Kishikio kimeota ndevu. Koti lake la kazi hakuwa amelivua, na nywele za wateja wa siku nzima zilikuwa zimepeperuka zikanata kwenye rangi mbichi. Kopo alicheka hadi akaketi chini. "Kinyozi wewe, hata chuma umekipa kazi ya kunyolewa!" Ikabidi asugue upya, aoge, avae shati safi, apulize tena akiwa amebana pumzi.

Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa mazuri. Bibie alinyamaza. Hateti majirani, haulizi habari za kibandani, chakula anakitegua jikoni anakiacha hapohapo. Kinyozi akimgusa bega, bega linajivuta. "Unaumwa?" "Siumwi." Akazidi kusugua ili amalize haraka.

Kilipokauka, kikawa laini kuliko shavu lolote alilowahi kunyoa. Akakifunga mahali pake, akamshika mkewe mkono. "Njoo uani, Bibie. Nina kitu chako."

Alikuja shingo upande. Akamwekea vidole juu ya kishikio. Vidole vikateleza, vikarudi, vikaingia kwa ndani, vikatafuta. Uso wake ukasawijika.

"Gari la nani hili?"

"Letu! Nimekitengeneza kishikio chako. Si ulikuwa unasema kinang'ata?"

Bibie akaegemea mlango, machozi yakamtoka. "Ndiyo maana nilikuta matundu," akasema. "Mzee wangu, kila asubuhi ukienda kazini mimi nakuja hapa. Naufuata ukuta, naligusa gari, napapasa mpaka kitu kining'ate kidole. Kikining'ata najua nimefika. Nafungua, nakaa, nafunga mlango. Najizoesha. Nilitaka siku nikizoea nikuambie, haya, nipeleke kwa mjukuu wangu. Halafu nikaja, hakuna kishikio. Matundu tu. Nikajua umeanza kuliuza vipandevipande. Nikasema basi, amenikatia tamaa."

Siku zote zile, Kinyozi nyuma ya nyumba akiota safari, mwenzake alikuwa ameshaianza peke yake, na yeye ndiye aliyemfungia mlango. Aliona aibu, akaona uchungu, na katikati ya uchungu akaona furaha.

"Nisamehe, Bibie. Nilitaka kisikuumize."

"Kilikuwa kinaumiza, lakini kilikuwa changu."

Akajipangusa uso kwa upande wa kiganja. Kisha akaigeuza pete yake ya ndoa kidoleni, ile sehemu yake iliyochongoka ikawa upande wa kiganja, akaingiza mkono ndani ya kishikio, akavuta kwa nguvu. Krrr! Kinyozi akauma meno. Mlio ule ulimpita kwenye uti wa mgongo. Bibie akavuta tena, palepale, halafu akapita na kidole. Kidole kikakwama. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu matundu yale.

"Umefika hadi kwenye chuma?" mumewe akauliza.

"Hadi kwenye chuma."

"Kitashika kutu tena."

"Na kishike," akasema Bibie. Akafungua mlango mwenyewe, akainama, akaketi, akavua viatu. "Nenda kalete funguo."