Gitaa Nililolikalafati

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1968, tulimzika Salehe, rafiki yangu wa tangu chuoni tulikosomea Kurani, na gitaa lake lilikuwa limemtangulia kufa tangu masika ya mwaka ule ule. Kifo cha Salehe ni kazi ya Mungu, sina la kusema. Kifo cha gitaa ni kazi yangu, na aibu ninayotaka kuwaelezeni ilizaliwa humo, nami naieleza mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikielezwa na Kibwana, ambaye kila mwaka anaongeza paka mmoja.

Tulikuwa watatu. Salehe alipiga gitaa na kuimba, mimi Athumani nilipiga gitaa la pili pale tulipopata la kuazima, na Kibwana alipiga ngoma na kusema maneno. Tulikwenda kwenye maharusi, Kaole, Mbegani, Mlingotini, popote tulipoitwa, kwa miguu au kwa baiskeli au juu ya lori. Siku moja ya masika tukitoka Kaole, mimi ndiye niliyelifunga gitaa la Salehe juu ya magunia, sikulifunika, mvua ikatukuta njiani, na tulipofika Bagamoyo gundi ilikuwa imekwisha kazi yake, uso umeachana na ubavu kama kiatu kilichochoka. Salehe alilitazama akasema, "Basi, Athumani, limepumzika." Hakunilaumu hata kidogo. Laiti angenilaumu.

Alipokwisha kuzikwa, binti yake Mwanahawa alikuwa na uchumba tayari, na harusi ikapangwa iwe Mlingotini kwa wajomba zake, baada ya Idi ya Kuchinja, mama yake atakapokuwa ametoka eda. Siku moja nilikwenda kuwajulia hali, Mwanahawa akaniambia kutoka nyuma ya pazia, "Ami, siku yangu uje unipigie ule wimbo wa baba." Ni wimbo ambao Salehe aliutunga Mwanahawa akiwa na siku saba, wa baba anayemuaga binti anayeolewa, na tulikuwa tukimcheka kwa kumuoza mtoto ambaye hata shingo haijakaza. Nilimjibu, "Nitakuja, mwanangu, na gitaa zuri." Neno "zuri" ndilo lililoniponza, maana kila mtu ana uzuri wake.

Nikaenda Dar es Salaam kununua gitaa. Hapa inabidi mjue kazi yangu. Mimi ni kalafati. Naziba maungio ya vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta ili visiingize maji, kazi aliyonifunza baba yangu, na mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini kila kitu cha mbao anakiona ni chombo (hata kitanda changu nimewahi kukigonga kwa ngumi kusikiliza kama kimeoza).

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, akanitolea magitaa mawili makavu, yasiyo ya umeme. La kwanza lilikuwa jepesi, uso wake mwembamba, rangi ya ndizi iliyoiva. Alipogusa uzi mmoja tu, mlio ukakaa hewani mpaka nikageuka kuutafuta. La pili lilikuwa jeusi, nene, la mbao za kubandikwa tabaka kwa tabaka, na uzito wake kama kinu kidogo. Nikalichukua hilo la pili nikaligonga, nikapitisha ukucha kwenye maungio, nikafumba jicho moja nikachungulia ndani ya tundu.

"Linavuja?" nikamuuliza.

"Linavuja nini, bwana? Unataka kutekea maji?"

"Tunasafiri nalo. Mvua, umande, chumvi ya pwani."

Yule mzee akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akaniambia kama anavyoambiwa mtu mzima asiyesikia, "Sikiliza, bwana. Mpiga muziki wa safari anataka vitu viwili: gitaa jepesi la kulia vizuri, na sanduku gumu la kulichukulia. Sanduku ndilo lipigwe na mvua. Wewe unataka gitaa liwe sanduku."

Maneno ya kweli kabisa. Lakini mimi nililiona lile jembamba nikaona magunia ya Kaole, nikaona uso ulioachana na ubavu, na moyo ukasema: hili nalo utaliua. Nikachukua lile nene. Sanduku sikutaka, nikajiambia sanduku ni la watu wasio na ufundi.

Huo ulikuwa uamuzi mdogo tu. Ningeishia hapo ningekuwa na gitaa zito la sauti ya wastani, na leo nisingekuwa na mkasa. Lakini nilipofika nyumbani nikaliweka magotini, nikaona kwenye maungio ya nyuma kuna mstari mwembamba kama unywele (pengine ulikuwa mstari wa rangi tu, sasa nadhani ulikuwa wa rangi), nikachukua patasi ndogo, nikachukua pamba, nikaichovya katika mafuta ya ini la papa, yale tunayopaka vyombo, nikaziba. Nilipokwisha kuziba upande mmoja nikaona upande wa pili utaonea wivu, nikaziba na huo. Halafu nikalipaka mafuta hayo mwili mzima, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama chombo kinachoteremshwa majini, na ndani nikaingiza kitambaa kwenye kijiti kupitia lile tundu. Likang'aa. Wallahi lilikuwa zuri kutazama.

Nilipolijaribu niliona mlio umekuwa mzito, nikasema ni nyuzi mpya, zitazoea. Harufu sikuisikia. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaniamini, lakini kalafati hasikii harufu ya mafuta ya papa kama muuza karafuu asivyosikia karafuu. Mke wangu alikuwa kwao Saadani wakati huo. Angekuwapo, gitaa lisingelala ndani.

Siku ya harusi nikalifunga kwenye shuka, nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikapanda lori la nazi. Lori lilikuwa limejaa, lakini nilipokaa watu wakanisogelea kwa nyuma, yaani wakanipa nafasi, mmoja akahamia hata juu ya nazi. Nikajiona. Nikajiambia: Athumani, sasa unaheshimiwa, mpiga gitaa mwenye gitaa lake. Nikawaitikia kwa kichwa pole pole, kama liwali.

Mlingotini nilimkuta Kibwana, alikuwa ametangulia jana yake. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani na uani, na bi harusi chumbani kwake, dirisha lake likitazama pale tulipo, limezibwa kwa kanga. Jua la kaskazi lilikuwa limeshika kisawasawa. Gitaa likiwa katika shuka, miguuni pangu, likaanza kupata joto.

Mzee mmoja wa mbele yangu akavuta pumzi, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Jamani, leo si tuliambiwa pilau ya mbuzi?"

"Ya mbuzi, ndiyo."

"Mbona mbuzi ananuka pweza?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha watu wenye njaa hakidumu. Mwingine akasema nyama imelala. Mwingine akasema yeye alijua tangu asubuhi. Neno likatoka turubai likaenda uani, na mara mpishi akatoka mwenyewe na upawa mkononi, mwanamke mnene aitwaye Bi Pili, shangazi wa marehemu, akasimama mbele ya wanaume bila hata kujifunika vizuri.

"Nani kasema chakula changu kimeoza? Asimame nimuone! Miaka thelathini napikia shughuli, sijaharibu hata chungu cha chai!"

Bwana harusi akawa anatazama chini, na wajomba wakaanza kunong'ona kama wamwage au wasimwage. Ikabidi sufuria ifunuliwe, na wazee wakaitwa mmoja mmoja wainuse. Sasa hili ndilo linaloniuma mpaka leo: na mimi niliitwa, na mimi nikaenda, nikainama juu ya sufuria nikanusa, nikatikisa kichwa kwa masikitiko kama wenzangu. Hata pua yangu iliyozoea ilisikia kitu kama harufu. Kumbe nilikuwa nimekishika kwapani.

Niliporudi nikakaa, nikalirudisha gitaa miguuni, akaja paka. Halafu wakaja wawili wengine (watatu jumla, Kibwana asiwadanganye). Wakapita kwenye sufuria iliyo wazi bila kuiangalia, wakaja moja kwa moja miguuni pangu, na yule wa kwanza akaanza kulilamba shuka.

Kibwana alimtazama paka, akalitazama shuka, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Athumani. Umebeba nini humo?"

"Gitaa."

"La nini?"

Hapo nikaelewa. Nikaielewa na ile nafasi ya kwenye lori. Ningeweza kuficha, na nakiri nilihesabu jinsi ya kutoka na kwenda kulitupa migombani. Lakini nikawaona wajomba wawili wameshika masikio ya sufuria wakiinua kwenda kumwaga, na Bi Pili ameketi kwenye ngazi, upawa mapajani, analia bila sauti. Harusi ya mtoto wa Salehe ikose chakula kwa ajili yangu! Nikasimama.

"Jamani, wekeni sufuria chini. Chakula ni kizima. Kinachonuka ni mimi."

Nikalifungua shuka. Sina haja ya kueleza yaliyofuata, harufu ilijieleza. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, waliokuwa nyuma wakaja mbele kutazama. Mtu akapiga kelele, "Lo! Kakalafati gitaa!" na kicheko kikapanda mpaka kanga ya dirishani ikatikisika. Mafuta yalikuwa yameyeyuka kwa joto, yakaniingia kanzu kutoka kifuani hadi magotini.

"Sasa lipige basi," Kibwana akasema, akijifuta machozi. "Tulikuja kwa muziki."

Nikalipiga. Mlio uliotoka ulikuwa kama wa mtu anayegonga gunia la unga. Nikapiga kwa nguvu zaidi, uzi mmoja ukateleza kidoleni kwa mafuta.

"Ndugu yangu," Kibwana akasema, "hilo usilipige. Litie tanga litupeleke Unguja."

Watu wakaanguka. Na mimi nilicheka kidogo, maana ilistahili kuchekwa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lile dirisha. Kule ndani kulikuwa na mtu mmoja aliyeniomba jambo moja tu katika siku yake, na hana tena baba wa kumuomba badala yangu.

Kicheko kilipopungua, mama yake Mwanahawa, shemeji yangu Zaina, akatokea mlangoni. Ndio kwanza alikuwa ametoka eda, amevaa nguo za rangi kwa mara ya kwanza, na alionekana kama mtu aliyeazimwa nguo hizo. Akaniuliza, "Shemeji, wimbo unao?"

"Ninao."

"Basi uimbe."

Mimi si mwimbaji. Miaka yote ile niliimba tu kule kuitikia mwisho. Nikaliweka gitaa chini, Kibwana akaacha mzaha akaanza kupiga ngoma kwa vidole, taratibu, nikaanza:

Mwanangu ukisafiri, mlango sitaufunga,
Nitakaa kusubiri, ukuti nikiusonga.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili nilipoufikia, nikakwama. Maneno nilikuwa nayo, yote, lakini niliyasikia kwa sauti ya Salehe, na sauti yangu ikaona haya kusimama pale. Kibwana akaendelea na ngoma, akarudia, akarudia tena, akinisubiri. Watu wakainamisha vichwa. Nikasema moyoni, haya, hata hili nimeliua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kanga, nyembamba, haitetemeki:

Na wewe ukifikiri, kwenu hakujajitenga.

Bi harusi haimbi. Bi harusi hata kusema hasemi, anakaa kimya ameinamisha uso mpaka atolewe, na ndani nilisikia mwanamke mzima akisema kwa mshtuko, "We Mwanahawa, nyamaza, watu wanasikia!" Hakunyamaza. Aliimba ubeti wote mpaka mwisho, na mwisho ulipofika, sauti za wanawake wengine zikawa zimeshaingia, nami nikaitikia pale pale nilipozoea kuitikia.

Tangu siku ile sijaziba kwa pamba kitu kisichokwenda majini, na nikiulizwa na vijana wanaotaka gitaa la safari nawaambia maneno ya yule mzee wa dukani: chagueni linalolia, kisha mlitafutie sanduku. Na naapa sitainusa tena sufuria ya mtu mbele ya watu kabla sijajinusa mwenyewe.

Siku ile, baada ya wimbo, pilau iliandaliwa, Bi Pili akanipakulia kwa upawa ule ule bila kunitazama. Sinia langu nililila peke yangu, upande upepo unakokwenda. Kabla sijaanza, shemeji Zaina alikuja mwenyewe na birika la maji na sabuni, kazi ambayo mama wa bi harusi haifanyi, akachuchumaa mbele yangu. Nikakinga mikono. Akamimina, nikanawa, nikataka kuiondoa.

"Bado, shemeji," akasema, akamimina tena.