Tunda Lililongojewa Mpaka Likapasuka

Shangazi yangu ni fundi wa mapazia. Katika nyumba ile, kitu pekee ambacho hakikuwa cha mteja, cha mume wala cha watoto kilikuwa okidi moja nyeupe, dirishani pa chumba cha kushonea. Shina lilipoanza kuoza, alilichavusha ua la mwisho kwa kijiti cha meno, likatunga tunda moja.

Mbegu za okidi ni vumbi tupu. Hazina akiba ya chakula, na udongoni hufa. Ipo maabara inayozipandia watu kwa malipo, ndani ya chupa zenye rojo la sukari. Mtaalamu wao alimwagiza kwa simu: "Lilete likiwa limefumba, mama. Ndani ni safi. Likipasuka, kuvu itaingia, nami sitakuahidi kitu."

Nyumbani agizo hilo likageuka kesi. Mavyaa yake, mkulima tangu usichana, alicheka hadi akashika ubavu.

"Mbegu ivunwe mbichi? Mwanangu, na mimba changa nayo huzaa?"

"Kumbe mbegu inalazwa hospitali!" akadakia mdogo wa mume. "Shemeji, saa ya kuwaona wagonjwa ni ngapi?"

"Mridhishe mama," mume akakata shauri. "Kungoja hakuui."

Wote walikuwa na kauli juu ya tunda lile, isipokuwa aliyelitungisha. Shangazi akangoja, kwa adabu ile ambayo humfaa kila mtu ila mwenye nayo.

Asubuhi moja akakuta ufa mwembamba kama uzi, na unga wa manjano juu ya pazia la mteja. Alilifunga tunda kwa karatasi, akaliacha pazia chini ya sindano, akakimbilia maabara.

"Ungewahi jana tu, mama," alisema mtaalamu. Akaziosha mbegu kwa dawa, akazipanda. Chupa zikaingia kuvu moja baada ya nyingine, na huku nyumbani okidi yenyewe ikafa. Ilisalia chupa moja, yenye vidoa vya kijani vidogo kuliko kichwa cha pini.

Alipoileta, mavyaa aliinyanyua kwenye mwanga. "Si nilisema zikikomaa zitaota?" Wote wakaitikia kuwa ndiyo, alisema. Mavyaa akashika kifuniko. "Sasa tuzifungulie, zipate hewa."

Shangazi akaitwaa chupa mikononi mwake.

"Hapana, mama. Siku ya kufungua ataisema mtu wa maabara," alisema bila kupandisha sauti. "Na atakayefungua ni mimi."