Kipande Chetu cha Njia ya Kilabuni

Enzi zile Chanika ilikuwa shamba hasa, wala hakuna aliyeiita Dar es Salaam. Mtu akitaka kwenda mjini aliaga majirani na kuulizwa atarudi lini. Sisi tuliozaliwa karibu na uhuru, tukakulia katika miaka ya vijiji vya ujamaa, tukakimbia mchakamchaka alfajiri na kunywa uji wa shule kwenye vikopo vya bati, tunajua kwamba kijiji chetu kilikuwa na njia moja tu ya maana. Ilianzia kilabuni ikaishia kilabuni.

Nitaieleza polepole, maana wajukuu zangu nikiwasimulia hawanielewi. "Yaani bibi, mnatembea saa nzima halafu mnarudi palepale? Sasa faida yake nini?" Huyo anayeuliza hulipia gym akakimbie juu ya mashine isiyompeleka popote.

Kilabu kilikuwa banda la makuti lenye magogo ya kukalia, mali ya Mama Anna, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alipika pombe ya komoni karibu mwaka mzima, na msimu wa korosho ukifika alikamua uraka, pombe ya mabibo, harufu yake ikatufuata mpaka darasani. Kutoka hapo njia ilikata kulia ikaingia mikoroshoni kwa Mzee Saidi, ikateremka bondeni kwenye mpunga, ikavuka kijito juu ya gogo la mnazi, ikapanda hadi shuleni, ikapita shamba la ujamaa, kisha ikaingia shambani kwetu na kutokea nyuma ya banda la Mama Anna. Ilikuwa duara. Ndiyo waliyopita akina mama kwenda kuteka maji, ndiyo waliyopita wagonjwa wakibebwa kitandani, ndiyo aliyopita mkunga siku niliyozaliwa.

Njia haikuwa ya mtu, ila ilipita katika mashamba ya watu. Basi kila mwenye shamba alipalilia kipande chake kila Jumamosi kabla ya kugusa pombe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini Mama Anna aliishika kuliko mjumbe wetu wa nyumba kumi alivyozishika za serikali. "Asiyepalilia hanywi," alisema, na kata ya pombe ikabaki mkononi mwake. Hata Mzee Saidi, jirani yetu aliyekuwa mswalihina na hajui ladha ya pombe, alipalilia, kwa sababu Mama Anna alimwekea togwa katika chungu cha peke yake. Akiikosa hununa kuliko mlevi. Kipande cha shamba la ujamaa kilikuwa cha wote, na kwa kuwa kilikuwa cha wote, tulikipalilia sisi wanafunzi.

Wakaguzi walikuwa watoto. Watu wazima, alisema Mama Anna, hulindana. Kila Jumamosi saa nane mchana alituma wawili, na mara nyingi tulikuwa mie na Tatu, binti wa Mzee Saidi. Tulianza kwa mkono wa kulia na tulitakiwa kutokea mkono wa kushoto. Kugeuka katikati ilikuwa mwiko. "Njia hairudiwi, njia inamalizwa," walituambia. Tukifika kwenye kila kipande tulipiga kelele, "Kipande hiki cha nani?" na mwenyewe, popote alipo shambani, akajibu, "Changu! Njooni mlale hapo kama mnataka!"

Nikifumba macho naipita yote hata leo. Majani makavu ya mikorosho yakivunjika chini ya nyayo, bibo moja la kung'ata na madoa yake yasiyotoka kwenye gauni, ubaridi wa ghafla bondeni, gogo la mnazi lililotikisika makusudi kwa sababu Tatu alikuwa analichezea nyuma yangu. "Dondoka basi, tuone chura!" Tuliporudi, Mama Anna hakutuuliza kwanza kitu. Aliinama akapapasa pindo za magauni yetu akitafuta kishonanguo, zile mbegu nyeusi kama sindano zinazong'ang'ania nguo ya mtu aliyepita kwenye nyasi. Alisema mdomo hudanganya, pindo halidanganyi.

Masika moja baba yangu alikuwa kibarua mjini, akirudi Jumamosi mchana kwa miguu kutoka lilikomwacha lori. Jumamosi hiyo nilimkuta amekaa kilabuni miguu imevimba, anangoja ripoti yetu kama wenzake. Tulipofika kwenye kipande chetu nyasi zilinifikia magotini. Mvua ya wiki moja tu. Nikapiga kelele kwa mazoea, "Kipande hiki cha nani?" na hapakuwa na wa kujibu.

Nilimwonea baba huruma. Nikamketisha Tatu chini ya mbaazi, nikachambua kishonanguo moja moja kwenye gauni lake na langu, mpaka vidole vikauma. Tatu alikuwa akinitazama. "Ukisema nitakunyima daftari," nikamwambia. Tukatokea kushoto, Mama Anna akapapasa pindo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Njia safi yote?"

"Safi yote," nikasema.

Baba aliniangalia kidogo tu, akapokea kata. Alikuwa hajamaliza mafunda mawili Mzee Saidi akaingia. Alikuwa ametoka kuswali, amevaa kanzu nyeupe, na kanzu ile kuanzia magotini kushuka ilikuwa nyeusi kwa kishonanguo.

"Mama Anna," akasema, "hii kanzu nimeishonesha kwa fundi gani, mbona sikumbuki kumlipa?"

Kilabu kizima kilicheka. Mtu mmoja akauliza kama kanzu hiyo ni ya Idi. Baba hakucheka. Aliweka kata chini taratibu, akaazima jembe la Mama Anna, akatoka kwa miguu ile iliyovimba. Nilimfuata. Alipalilia mpaka jua likazama, mie nikikusanya nyasi nyuma yake. Alipomaliza akaniambia, "Mwanangu, ungenidanganya mie ningekusamehe. Umewadanganya wanaopita." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Sasa niwaambie habari za siku hizi, maana wengi wenu mnatoka huko na mnajua ninakoelekea.

Mama Anna alipofariki banda lilianguka, na hakuna aliyejua Jumamosi apalilie kwa ajili ya nini. Watoto wa Mzee Saidi waliuza mikorosho kwanza, ikakatwa, pakajengwa. Bonde la mpunga likajazwa kifusi. Gogo la mnazi sijui lilikwenda wapi, na kijito chenyewe kimekuwa mtaro wa maji machafu. Tuliwalaumu wageni waliokuja kujenga. Ni rahisi kumlaumu mgeni. Lakini wageni hawakuiba kitu, walinunua, na waliouza ni sisi, watoto wale wale wa pindo safi.

Baba alikuwa amenikabidhi shamba letu mkono kwa mkono. Nilikuwa najenga nyumba Kipawa, mjini, nikalikata viwanja. Mnunuzi wa kiwanja cha mwisho alikuwa kijana mpole tu, amevaa viatu vyeupe, anaogopa tope. Aliniuliza swali moja, "Mama, hapa hapapiti njia ya watu?" Alama ya njia ilikuwa bado inaonekana, mstari mweupe katika majani, imekanyagwa na miguu ya watu wengi kiasi kwamba hata masika nyasi hazikuota vizuri. Nilikuwa nimesimama juu yake.

"Hapana," nikasema.

Mwaka jana baba alianza kuomba. Anaishi nami Kipawa, ana miaka mingi, na akili yake huja na kuondoka kama umeme wa mgao. Kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo baba," anajibu, "Marahaba. Leo Jumamosi? Nipeleke nikazunguke." Nikimwambia kesho, anasema haya, kesho. Mwezi mzima. Nikajua kwamba hatakufa kwa raha bila kuizunguka njia ile mara moja tena, na nikajua pia kwamba njia yenyewe haizunguki tena.

Nikampeleka. Palipokuwa kilabu sasa kuna duka la saruji na mabati. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akamsalimia mwenye duka kana kwamba ni Mama Anna, kisha akakata kulia. Hakusita hata mara moja. Palipokuwa na mikorosho tulipita kati ya kuta mbili, palipokuwa bonde tulipita barabarani. Nilipotaka kumwelekeza aliuondoa mkono wangu. "Mie siyo mgeni hapa." Shule ipo bado, watoto walikuwa wakiimba ndani, akatabasamu. Kwa kweli nilianza kuwa na tumaini la kijinga kwamba ataikwepa mwenyewe ile kona.

Hakuikwepa. Njia ilitupeleka moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa matofali, mrefu, umewekwa vipande vya chupa juu. Ng'ambo yake mbwa akabweka. Ukuta umesimama palepale baba alipopalilia siku ile. Duka la saruji lilikuwa upande wa pili, hatua mia mbili hazifiki. Tulisikia mabati yakipakiwa.

Baba akaweka kiganja kwenye tofali. Akauliza kwa sauti ya juu, ile ya kuitia watu shambani, "Kipande hiki cha nani?"

Ningeweza kumwambia sijui. Angeamini, na kesho yake angesahau.

"Chetu, baba," nikasema. "Nilikiuza mie."

Akainama kwa shida, akapapasa pindo la suruali yake, halafu pindo la gauni langu, kama Mama Anna, akitafuta. Hakupata kitu, kwa kuwa tangu dukani hadi pale hatukukanyaga hata unyasi mmoja.

"Basi tusiende kilabuni," akasema. "Hatujapalilia."

Akageuka. Mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuirudia njia ile akageuka katikati, akaanza kurudi tulikotoka, nami nikamfuata nyuma kama siku ile, mikono mitupu.

Hajaniomba tena. Siku hizi nikimwamkia hujibu marahaba, kisha hanyanyui macho kuniuliza kama ni Jumamosi.