Kompyuta Isiyo na Sanduku

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mwalimu Wilhelmina alichukua pampu ya baiskeli na kuwapuliza wadudu wa ziwani walioingia katikati ya vitufe vya kompyuta yake. Ilikuwa mashine ya zamani, aliyoachiwa na padri mmoja wa Sengerema. Kompyuta nzima ilikaa ndani ya gamba moja la plastiki pamoja na vitufe vyake, nene kwa nyuma, ikishuka mbele kama kabari. Ukishaichomeka kwenye televisheni, kazi inaanza.

Kwa mashine hiyo aliwafundisha kuchapa makarani wengi wa mtaa wa Mirongo. Mwanafunzi wake Evelina sasa alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi huko Buswelu, lenye kompyuta nne mpya, na mtoto mchanga aliyelala nyuma ya kaunta.

Alhamisi moja, saa saba mchana, wanaume wawili waliokuja kwa pikipiki walipiga hodi. Walikuwa wamesoma kibao cha ukutani: MAFUNZO YA KOMPYUTA.

"Shikamoo mwalimu," alisema yule mrefu. "Tumekuja kuandikisha mtoto."

"Marahaba. Karibuni."

Mfupi akafunga mlango kwa komeo, akachomoa nondo ndani ya koti.

"Kompyuta ziko wapi?"

"Ni moja tu. Hiyo mezani."

"Hiyo ni kibodi, bibi. Hata sisi tumepita shule. CPU, lile sanduku lake, iko wapi?"

"Imo humo humo."

Kofi lilimwangusha pamoja na kiti.

"Mwalimu anatufundisha," mrefu alisema. "Haya, pokea ada." Akampiga teke la mbavu.

Walipasua godoro, wakamwaga unga, wakavunja kabati. Hawakupata kitu, wakarudi na hasira zaidi. Mfupi alimwinua mwalimu, akaukandamiza mkono wake wa kulia mezani.

"Umezificha kwa nani? Taja nyumba tu, tunakuachia vidole vyako."

Jina la Evelina lilimfika ulimini. Angelitamka tu, wangepanda pikipiki yao na kwenda zao, na Buswelu si mbali.

"Nimeshasema. Ni hiyo."

Nondo ikashuka. Vidole viwili vilikatika mifupa kama kuni kavu. Mfupi akauliza tena, akajibiwa vile vile, akavunja cha tatu. Wilhelmina alitapika juu ya meza.

"Bibi huyu ana dharau," mrefu alisema. Nyumba ile iliegemea jabali, na jabali lenyewe ndilo lililokuwa ukuta wa nyuma. Akaitwaa ile kompyuta, akaibamiza hapo mara mbili, hadi gamba likapasuka na ubao wa kijani uliojaa vyuma vidogo vidogo ukaning'inia nje.

Walisimama wakiutazama.

"Kumbe hakudanganya," mfupi alisema.

"Sasa nimwombe radhi?" Mrefu akamwangusha mwalimu sakafuni, akamkanyaga mdomoni, meno mawili yakang'oka, wakaondoka na televisheni.

Kesho yake Evelina alifika hospitali, mtoto mgongoni. Mwalimu alimsimulia yote polepole, kwa midomo iliyoshonwa. Evelina aliushika mkono wa mwalimu ambao haukuvunjwa.

"Mwalimu, kwa nini hukuwaambia kompyuta ziko kwangu? Wangekuacha."

"Kwa sababu kweli ziko kwako."