Chokaa ya Baba kwenye Mkungu

Hainitoki moyoni siku ile, mwanangu, siku niliyotoka nje mimi mwali, uso umejaa liwa ya manjano, mbele ya wanaume wa mtaa. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze, kisha ucheke utakavyo.

Zama zile za Mwingereza, hapa Tanga, miti ya barabarani ilikuwa na sheria zake. Ilipakwa chokaa shinani, na ukiona mti una chokaa ujue ni wa mji: huukati, huupigi msumari, hufungi mbuzi. Msimamizi wake tulimwita Bwana Miti, Mbondei mmoja mpole, mwenye baiskeli.

Sasa baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Ubavuni mwa nyumba yetu, Ngamiani, palikuwa na mti wa mkungu, wetu wenyewe, alioupanda babu. Watoto wa mtaa wakizipenda kungu zake, basi mawe yanarushwa, yanatua kwenye bati letu, ngo! ngo! Baba anaruka kutoka kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, anafukuza, hampati hata mmoja.

Siku moja akapata akili, au tuseme alidhani ni akili. Akakoroga chokaa, akaupaka mkungu shinani, vilevile kama miti ya mji.

"Huu ni mti wa serikali!" akawafokea watoto. "Atakayeurushia jiwe, jela!"

Watoto wakakoma. Bi Chausiku, jirani yetu, alipomfunga mbuzi wake pale, naye akaambiwa yaleyale. Akabisha. Baba akaapa mbele ya watu: "Wallahi, mti huu si wangu!" Bi Chausiku akamfungua mbuzi wake, akaondoka na neno lake moyoni.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Haukupita mwaka, nikaposwa na kijana wa Tongoni. Kwetu, bwana harusi huja kukaa fungate nyumbani kwa mke, na nyumba yetu haikuwa na chumba cha kumweka. Shangazi yake akasema wazi: "Hakuna chumba, hakuna harusi. Mwanetu hatalala ukumbini na viraka vya watu." Na pa kujenga palikuwa mahali pamoja tu, pale uliposimama mkungu.

Baba akaita mkata miti. Shoka halijatua, Bi Chausiku akapiga ukelele: "Jamani, fundi anaukata mti wa serikali!" Mtaa mzima ukajaa. Bwana Miti akaitwa, akaja, akauzunguka mti.

"Huu sikuupaka mimi," akasema. "Mzee, ni wa nani?"

Baba akisema wake, ameapa uongo, na kuupa mti wako alama ya mji nalo lilikuwa kosa. Akisema wa serikali, chumba hakuna, harusi hakuna. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ndiye mimi, niko ndani nachungulia dirishani.

Baba akakohoa. "Wa... wa serikali."

Lo! Nilimtaka yule kijana, mwanangu, nakwambia bila kuficha, uzee umeniondolea haya. Bi Riziki, somo yangu aliyekuwa akinisinga liwa ya harusi, akanidaka kanga ya mabegani. Ikabaki mkononi mwake, mimi huyo nje.

"Ni wa baba! Kaupaka mwenyewe, nilimwona!"

Watoto walipoona uso wa manjano unapiga kelele, wakatimka: "Shetani! Shetani wa mkungu!" Wanaume wakageukia ukutani. Mbuzi wa Bi Chausiku akakata kamba. Bwana Miti akainama kuitazama baiskeli yake kana kwamba ndiyo kwanza aione.

"Ni wangu! Ni wangu!" baba akalia. "Rudi ndani, mtoto we, utaniua!"

Bwana Miti akamwambia taratibu: "Mzee, chokaa hii ukiigeuza ya kutishia watoto, kesho hakuna atakayeiamini, na miti ya mji itaishia jikoni. Ifute mbele ya hawahawa uliowadanganya, kisha kata mti wako."

Baba akasugua kwa kumbi la nazi, jasho linamchuruzika, Bi Chausiku amesimama mikono kiunoni: "Na hapo, fundi. Na hapo chini." Kiapo nacho akakifungia saumu ya kafara, na siku zile alikuwa mkali, hasemeshwi.

Chumba kikajengwa, nikaolewa. Siku ya kwanza ya fungate mume wangu akaniuliza kama ni kweli mkungu wetu ulikuwa na shetani. Nikamjibu, "Ndiye uliyemwoa."

Basi sikia, mwanangu. Mti wa mji ni wangu na ni wako. Uheshimu, usiuvunje hata tawi. Lakini sheria ya wote usiifanye fimbo yako ya kumpigia jirani, maana siku itakapokugeukia haitakujua. Na ukikosea, sema mwenyewe mapema, usingoje aumie mwanao. Mola akujaalie ulimi wa kweli na majirani wa kukukosoa, na popote utakapopita juani ukute kivuli alichokuachia mtu usiyemjua. Amin.